Siku tatu kwenye tamasha la filamu la kimataifa hapa Mwanza, nimeumia

Naandika kwa yeyote anayefikiria kununua pasi wakirudi tena. Mi napenda filamu kweli, na huku kwetu ukitaka tamasha unapanga safari mpaka Zanzibar kwenye ZIFF, hapo weka nauli, weka pa kulala, ndo maana niliposikia kuna la kimataifa linakuja Mwanza tena ufukweni kabisa nikalipa elfu thelathini ya siku tatu siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza waliandika saa kumi na mbili jioni na wakaanza saa kumi na mbili kweli, hapo nawapongeza, ila jua la huku linazama karibu saa moja jamani na skrini walikuwa wameielekeza ziwani, yaani jua lote la magharibi linapiga kwenye kitambaa, nusu saa nzima tunasikia sauti tu. Giza lilipoingia wakaja wadudu wa ziwani, wanafuata mwanga wa projekta mpaka lenzi ikajaa. Mtu yeyote wa Kirumba angewaambia mwezi mwandamo usiwashe taa kali karibu na maji, wangeuliza tu.

Ila hayo nayasamehe. Kilichoniuma ni siku ya pili.

Kulikuwa na dokumentari ya wavuvi wa Ziwa Victoria, nikamchukua bamdogo, amevua tangu kijana na siku hizi anauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Alivaa shati lake la kanisani. Filamu inaanza, anatokea mzee mmoja mvuvi anaongea Kiswahili safi, sekunde mbili tu unamsikia halafu inaingia sauti ya mtu anatafsiri Kiingereza juu yake, na ya mzee inashushwa mpaka huisikii tena. Ikawa hivyo kwa kila aliyeongea, wanawake wa dagaa, vijana wa mitumbwi, wote. Maandishi ya Kiswahili chini hakuna. Bamdogo akaniinamia, "mwanangu, huyu mzee anasema nini, mbona wanamfunika?" Nikaanza kumtafsiria kwa kunong'ona, maneno ya Kiswahili yaliyogeuzwa Kiingereza mi nayarudisha tena Kiswahili, nikiwa najua kabisa sivyo alivyosema yule mzee. Kuna mahali msimulizi akasema sangara ni samaki wa asili wa ziwa hili, bamdogo akatikisa kichwa, sangara aliletwa miaka ya 1950 na furu, samaki wa asili, wakapukutika, hilo hata mtoto wa mwaloni anajua. Dakika ya arobaini hivi akaniambia twende, na watu wengi wa viti vya nyuma walishaondoka.

Mwanza tulishasemewa sana. Darwin's Nightmare, dokumentari ya Hubert Sauper kuhusu sangara, ilipigwa picha hapahapa, ikatoka 2004, ikafika mpaka kuwania Oscar, na 2006 Rais Kikwete akailalamikia hadharani. Uikubali au uikatae, ilituhusu sisi na mjadala wake mkubwa ulikuwa huko nje. Sasa hii nyingine imeletwa mpaka mlangoni kwetu na bado hatusikii sauti zetu wenyewe.

Baada ya filamu kulikuwa na maswali, bamdogo alishaondoka, nilibaki peke yangu nikauliza kwa nini hawakuacha sauti za watu, mwandaaji mmoja akajibu toleo hilo ndilo walilotumiwa. Sawa, lakini mngetangaza kabla ya kuuza tiketi. Vibanda umiza vya mtaani kwa hela ndogo tu unawekewa filamu ya Kichina imetafsiriwa Kiswahili mwanzo mwisho.

Siku ya tatu umeme ulikatika mara mbili, jenereta ipo ila mafuta hakuna, nikaondoka mapema.

Nawapa nyota mbili kwa tano, moja ya eneo na moja ya wale vijana wa mlangoni waliomtafutia bamdogo kiti kizuri. Mkija tena wekeni maandishi ya Kiswahili nami nitanunua pasi mbili, ila bamdogo nimeshamuuliza, kasema yeye haendi.