Uzoefu wangu: diski tupu za DVD kwa video za familia

Kanda zetu za harusi na za kipaimara zilikuwa za MiniDV, yaani kaseti ndogo za kamera ya video. Nilipoamua kuzihamishia kwenye DVD nilinunua aina mbili za diski tupu katika maduka ya mjini Mwanza: zile za bei nafuu zisizo na jina lolote usoni, zinazouzwa 50 kwa pamoja zikiwa zimepangwa kwenye kijiti cha plastiki, na za chapa ya Verbatim zenye tabaka la AZO (rangi inayohifadhi kilichorekodiwa), ambazo ni ghali zaidi na si kila duka linazo.

Zile za bei nafuu hurekodi bila shida, na ukizijaribu siku hiyohiyo huoni tofauti. Hata hivyo DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko kasoro za utengenezaji hujitokeza zaidi, hivyo picha hukatika mwishoni, mahali ambapo wengi hawafiki wanapoijaribu diski dukani. Katika mojawapo, maharusi waliingia ukumbini, wakakata keki, wakalishana, kisha picha ikaganda vipande vipande babu aliposhika kipaza sauti ili awape wosia. Nilipoielekeza diski hiyo dirishani niliona vipovu vidogo pembeni, kwa kuwa gundi inayounganisha sahani zake mbili za plastiki, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.6, ilikuwa imeanza kuachia.

Verbatim hazijaniangusha mpaka sasa. Nazichoma, yaani nazirekodi, kwa kasi ya 8x (mara nane ya kasi ya kawaida) ingawa zimeandikwa kuwa zinahimili hadi 16x, na siijazi diski hadi ukingoni: GB 4.7 hubeba takribani saa mbili kwa ubora wa kawaida, lakini mimi huishia saa moja na nusu.

Nilichagua DVD-R badala ya DVD+R, ambazo ni aina mbili tofauti za diski za kurekodi mara moja, kwa sababu ya deki. DVD-R ilitangulia, mwaka 1997, na deki kuukuu ya mama mkubwa huko Nansio huisoma bila kusita, ilhali DVD+R huizungusha weee kisha huitema. Diski ya tabaka mbili, yenye GB 8.5, haikustahili bei yake. Ile ya kufutika sikuitaka kabisa, maana katika nyumba yenye vijana haikosi siku moja kurekodiwa mpira juu ya ubatizo. Diski yoyote utakayochukua, hakikisha fundi ameifunga baada ya kurekodi, yaani ameikamilisha ili isomeke kwenye deki nyingine, la sivyo itacheza kwenye mashine yake tu.

Usibandike karatasi ya gundi usoni, kwa sababu huiyumbisha diski inapozunguka; andika kwa marka laini karibu na tundu. Zile za bei nafuu bado nazinunua, ila kwa nakala za sendofu za kuwagawia wageni, ambao wengi wao huitazama mara moja tu.