Wiki tano kwenye wakfu wa utamaduni: nilifuata utulivu, nikaokolewa na semina

Nimerudi juzijuzi kutoka kwenye ukaazi wa waandishi na watafiti, yaani nafasi ya kuishi na kufanya kazi mahali kwa wiki kadhaa kwa gharama ya mwenyeji, katika wakfu mmoja wa utamaduni. Kwa kuwa wenzangu kadhaa wameniuliza kama inafaa kuomba, naeleza yote hapa kwa pamoja. Ombeni. Ila msiombe kwa sababu ile iliyonipeleka mimi.

Mimi nilifuata utulivu. Mswada wangu, ambao ni historia ya wakalimani, ulikuwa umekwama sura ya tatu kwa karibu miaka miwili, na nilishajiaminisha kwamba ninachokosa ni muda tu. Imani hiyo si ngeni. MacDowell, kule New Hampshire, Marekani, wamekuwa wakiwapokea wasanii tangu 1907, na wanajulikana kwa kikapu cha chakula cha mchana kinachoachwa mlangoni ili mtu asikatizwe kazi. Wakfu wangu unafuata mkondo huohuo: chumba cha kulala, chumba cha kazi chenye meza pana, posho ya kujikimu, na nauli walilipa wao. Kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri hakuna anayebisha hodi, wala hakuna anayekudai kurasa.

Wiki ya kwanza niliandika kurasa 18. Wiki ya pili nikazisoma, nikafuta 14. Kile kimya kilinionyesha wazi kwamba sura imekufa, lakini hakikuniambia imeuawa na nini.

Sasa semina. Kila Alhamisi jioni mkazi mmoja anaweka kazi yake mezani, kurasa zisizozidi 15, na wenzake wanakuwa wamezipata siku tatu kabla. Tulikuwa saba, na hakuna wawili wa fani moja. Sharti ni kwamba mwenye kazi hasemi neno kwa nusu saa ya kwanza. Nilizoea semina za chuo, ambako unazungumza dakika 20, mwenyekiti anatazama saa, yanaulizwa maswali mawili, makofi, basi. Huku nilikaa kimya nikisikiliza watu wakinisoma, na sijui kama nimewahi kusikiliza vile.

Aliyenifungua macho ni mshairi. Alikuwa amezipanga karatasi zangu mbele yake, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa wa tisa, kwenye tanbihi ya 41, akauliza, “Huyu wa hapa chini ni nani?” Alikuwa mkalimani aliyeandika barua tatu kudai malipo yake. Nilimtaja ili kuthibitisha tarehe tu. Mshairi akaendelea, “Sura nzima ina mikutano na mapatano, lakini huyu ndiye mtu pekee anayetaka kitu.” Mtafiti wa muziki aliyeketi upande wa pili akasema naye alisimama papo hapo, akarudi kuisoma tanbihi mara mbili. Nilitamani kujitetea, sharti likanizuia, na ninalishukuru. Kesho yake nilianza sura upya kwa barua ya kwanza ya yule mkalimani. Niliondoka na kurasa 31 ambazo sijazigusa tena.

Kasoro zipo. Orodha ya maktaba yao kwenye intaneti haisemi kwamba sehemu kubwa ya nyaraka iko kwenye ghala la nje, na kila jalada linaagizwa siku kadhaa kabla. Hilo nililijua baada ya kufika, likanila karibu wiki nzima. Wakutubi walinihangaikia kwa moyo wote, lakini taarifa hiyo ilistahili kuwemo kwenye barua ya kukubaliwa. Barua yenyewe ilichelewa mno. Nilipata viza siku nne kabla ya safari, na mwenzetu mmoja alipoteza wiki yake ya kwanza kwa kusubiri ya kwake.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba, jueni mnakwenda wapi. Wakfu nyingine zinakupa kimya na meza, basi. Nyingine zinakuita kwa ajili ya hazina zao: Fondazione Giorgio Cini, iliyoanzishwa 1951 katika kisiwa cha San Giorgio Maggiore, Venice, imegeuza bweni la zamani la watawa kuwa maktaba, na mtafiti huenda pale kwa ajili ya makusanyo yaliyomo. Bellagio, kituo cha Rockefeller Foundation kando ya Ziwa Como, kinajulikana kwa kuwakutanisha wasomi, wasanii na watu wa sera. Kama kitabu chako kinadai nyaraka, chumba chenye mandhari nzuri hakitakusaidia.

Kuhusu maombi: mimi nilikataliwa mara ya kwanza. Andiko langu lilieleza umuhimu wa mada kwa kurasa mbili bila kusema nitafanya nini nikifika. Mara ya pili nilitaja sura, hatua niliyofikia na mahali nilipokwama, nikaambatanisha kurasa za sura hiyohiyo yenye matatizo badala ya ile niliyojivunia. Waombeni wadhamini barua za mapendekezo mapema, na wapeni hilo andiko walisome kwanza.

Ukikubaliwa, kabla hujatia saini, waulize semina inaendeshwaje na wakazi wenzako ni wa fani zipi. Mimi sikuuliza, na mshairi yule alikuwa amebakiza siku sita tu aondoke.