Uzoefu wangu: Red House, nyumba ya kwanza ya Philip Webb

Mimi ni mwashi. Nimejenga Dar miaka tisa kabla ya kuhamia London, kwa hiyo nyumba ya watu siiangalii kama mtalii. Naangalia kona, naangalia kozi za matofali. Jumamosi iliyopita nikapanda treni hadi Bexleyheath, kusini mashariki mwa jiji, kisha nikatembea kama robo saa kwenda kuiona Red House, iliyochorwa na msanifu majengo Philip Webb.

Getini nilicheka. Nyumba nzima ni matofali mekundu ya kuchoma, nje hakuna lipu hata kiganja kimoja. Kwetu Mbagala ukiiacha hivyo majirani watajua hela zimekata. Hilo ni pagale. Kumbe mwaka 1859, Webb alipoichora, wenye nazo wengi Uingereza nao walikuwa wanapiga lipu juu ya tofali ili ukuta udhaniwe ni wa mawe. Yeye akagoma. Tofali limepangwa vizuri, unalificha la nini? Alikuwa na miaka 28, ndiyo kwanza anajitegemea baada ya kutoka ofisi ya msanifu mwingine, George Edmund Street. Hukohuko ofisini ndiko alikokutana na William Morris, mbunifu wa nakshi maarufu, aliyekuja kuwa mteja wake wa nyumba hii.

Mzee mmoja wa kujitolea ndiye aliyetuzungusha. Morris alitajwa kila chumba, nami simlaumu mzee, maana jina ndilo hilo watu wanalijua, ingawa aliishi humo miaka mitano tu, akahama 1865. Lakini hata ile karatasi ya ukutani ya Morris yenye waridi na ndege, ndege wale alichora Webb.

Kilichoninasa mimi ni dari iliyo juu ya ngazi. Ukiitazama kwa makini utaona vitundu vidogo vidogo kwenye lipu, vimedungwa kwa mpangilio wakati lipu ingali mbichi. Ndiyo ramani ya nakshi. Rangi ikichakaa, fundi anayekuja anafuata vitundu na kupaka upya, hana haja ya kupima tena. Yaani fundi ambaye hajazaliwa ameshafikiriwa! Nilikaa pale shingo juu hadi wenzangu wakaniacha, nikawakuta bustanini kwenye kisima, kile chenye paa la vigae lililochongoka kama pia iliyogeuzwa.

Madirisha nayo usiyapite. Ukiwa nje yanaonekana vurugu, mengine marefu, mengine duara, hayalingani. Ingia ndani ndipo utaona kila moja limekaa pale chumba kilipolitaka.

Kasoro ipo, tena kubwa. Vyumba vikuu vinatazama kaskazini, na kwa Uingereza hiyo maana yake jua utalisikia kwa jirani. Mimi na shati langu la mikono mifupi nilitetemeka. Kwa mchoraji wa siku hizi ningesema arudishe ramani.

Kwenye mwanga Webb alijirekebisha baadaye. Nyumba yake ya Standen, karibu na East Grinstead, iliyojengwa 1891 hadi 1894 kwa ajili ya wakili James Beale, ilikuwa na taa za umeme tangu mwanzo. Katikati hapo, mwaka 1877, yeye na Morris walianzisha chama cha kuyalinda majengo ya kale yasiharibiwe kwa kisingizio cha kukarabatiwa. Ofisi yake ilibaki ndogo, kazi alichukua chache, michoro alifuatilia mwenyewe hadi vitu vidogo. Alipostaafu alihamia kijumba cha mashambani Sussex na kufia huko 1915. Hakuwa tajiri, na kwa kazi niliyoiona hilo limeniuma kidogo.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ukienda kutafuta fanicha za kifahari utaona vyumba vitupu vitupu. Ukienda na jicho la fundi, jipe saa mbili, vaa sweta, na uanzie juu ya ngazi.