6 Minute English ya BBC: Inamsaidia Kiasi Gani Mhitimu wa Kidato cha Sita?

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha anapoingia kidato cha kwanza karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Wengi huvuka sekondari kwa kukariri madaftari, na wapo wanaofaulu vizuri sana kwa njia hiyo, lakini chuoni hakuna mwalimu wa kuandika notisi ubaoni na kuzifafanua kwa Kiswahili pale darasa linapokwama. Kwa sababu hiyo miezi iliyopo kati ya mtihani wa kidato cha sita, unaofanyika Mei, na kufunguliwa kwa vyuo mwishoni mwa mwaka ina thamani kubwa, nami kama mwalimu huulizwa mara kwa mara, na wahitimu na hata wazazi wao, ni nyenzo gani inayofaa kujifunzia nyumbani bila kulipa ada. Jibu langu la kwanza huwa ni 6 Minute English, kipindi cha BBC Learning English, ingawa silitoi bila masharti.

BBC imekuwa ikifundisha Kiingereza kwa redio tangu mwaka 1943, na uzoefu huo unaonekana katika mpangilio wa kipindi chenyewe. Watangazaji wawili huzungumzia mada moja, iwe usingizi, chakula au akili mnemba. Mwanzoni mmoja humuuliza mwenzake swali lenye majibu matatu ya kuchagua, na jibu sahihi hutolewa karibu na mwisho, jambo linalomshawishi msikilizaji asiache katikati. Humo huingizwa vipande vifupi vya sauti za wataalamu kutoka vipindi vingine vya BBC World Service, na maneno sita ya mada hiyo hufafanuliwa papo hapo yanapotumika. Kiwango chake ni cha kati: anayeanza kabisa ataachwa nyuma, lakini mhitimu wa kidato cha sita anakimudu. Sauti na maandishi vyote hupakuliwa bure, na kwa kuwa ni sauti tupu, havimalizi bando kama video zinavyofanya.

Hayo maandishi yanayoambatana na sauti ndiyo ninayoyathamini kuliko kitu kingine chochote. Kiswahili hutamka kila silabi kwa ukamilifu, na sikio lililolelewa nacho husubiri kila neno lifike likiwa zima. Kiingereza cha mazungumzo hakimpi msikilizaji nafasi hiyo, kwa maana maneno madogo kama of, to, have na than humezwa na majirani zao. Mwanafunzi anayelijua neno have tangu darasa la tatu akilikuta ndani ya should have hupata mguno mfupi tu, na sentensi nzima humponyoka. Ninachowashauri ni wasikilize mara ya kwanza bila karatasi, kisha wachague sehemu ya nusu dakika, wasimamishe sauti kila sentensi inapokwisha, waandike walichosikia, ndipo wafungue maandishi na kupiga mstari chini ya kila neno walilolikosa. Katika madaftari niliyoyakagua, mistari hiyo haikuwa chini ya maneno magumu. Karibu yote ilikuwa chini ya vineno vya herufi mbili au tatu. Ni muhimu pia kujua kwamba maandishi hayo yenyewe hutamka wazi hapo juu kuwa hayafuati mazungumzo neno kwa neno, hivyo mwanafunzi akisikia kitu ambacho hakimo kwenye karatasi asikimbilie kulilaumu sikio lake.

Sharti la kwanza linahusu urefu. Mhadhara wa chuo huchukua saa nzima au zaidi, na aliyezoea dakika sita huanza kuchoka kabla mhadhiri hajafika kwenye kiini cha hoja. Lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza hainipi wasiwasi sana, kwa sababu wahadhiri wengi atakaokutana nao wanazungumza kwa lafudhi zetu. Kinachohitaji mazoezi ni ustahimilivu wa kufuata mawazo marefu. Njia nzuri ya kuujenga imo ndani ya kipindi chenyewe: watangazaji hutaja vipande vya wataalamu vimetoka wapi, kwa mfano The Food Chain au CrowdScience, na vipindi hivyo vya takribani nusu saa vinaweza kusikilizwa vyote. Anayekwenda kusoma sayansi au uhandisi apige hatua nyingine hadi MIT OpenCourseWare, tovuti ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, ambako mihadhara kamili ya chuo imewekwa wazi bila malipo.

Sharti la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, linahusu msamiati. Maneno sita ya kila kipindi mara nyingi ni ya mazungumzo na misemo, mazuri kwa kuelewana na watu, lakini si hayo yanayobeba maswali ya mitihani ya chuo. Mwaka 2000 mtafiti wa lugha Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, akiyaacha nje maneno 2,000 ya kawaida. Humo mna assess, derive, assume na hypothesis, na mwanafunzi asiyetofautisha kazi ya maneno hayo atajibu swali ambalo hakuulizwa, hata kama somo lenyewe analijua barabara. Orodha hiyo inapatikana bure mtandaoni, nami naihesabu kuwa nusu ya pili ya maandalizi haya.

Kuhusu uandishi, kipindi hakiwezi kumsahihishia mtu insha, na wala hakidai kufanya hivyo. Kila anapomaliza kipindi kimoja, mhitimu aandike ukurasa mmoja wa muhtasari kwa maneno yake mwenyewe bila kuchungulia maandishi, kisha ampelekee mwalimu wake wa Kiingereza wa zamani, akimwomba aangalie kwanza nyakati za vitenzi na namna sentensi zinavyoungana, tahajia ifuate baadaye.