Televisheni ya inchi 65 na kuendelea: kioo kipi kinazifaa sebule zetu

Anayeingia Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, kutafuta televisheni kubwa hukutana na maboksi yaliyoandikwa LED, UHD, QLED, QNED, ULED, mini-LED na OLED, na muuzaji mwenye haraka humweleza kwamba kila jina ni bora kuliko lililotangulia, ndiyo maana bei inapanda. Maelezo hayo yana ukweli kidogo. Nyuma ya majina yote hayo kuna familia mbili tu za kioo: LCD, ambacho hakina mwanga wake na hutegemea taa zilizofungwa nyuma yake, na OLED, ambacho kila nukta yake huwaka na kuzima yenyewe. Yanayobaki ni tofauti za taa hizo za nyuma, tabaka la rangi lililoongezwa, idadi ya nukta (UHD ni jina jingine la 4K), au jina la biashara tupu: ULED ni jina la Hisense na QNED ni la LG.

Mpangilio nitakaoutoa haufuati ubora wa picha peke yake. Kama ungefuata huo, OLED ingeshika nafasi ya kwanza na mjadala ungeishia hapo. Nimezingatia sebule yenye madirisha wazi mchana kutwa, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, mpira wa miguu kila mwisho wa wiki, na ukweli kwamba televisheni ikiharibika baada ya dhamana kwisha, atakayeifungua ni fundi wa mtaani.

Kwanza ukubwa. Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, kwa hiyo televisheni ya inchi 65 ina upana wa karibu sentimita 144, na ya inchi 75 ina upana wa sentimita 166. Mtu anayekaa mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ukutani hatajutia ukubwa wowote kati ya hizo mbili, mradi anachokitazama ni safi. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, ilhali chaneli nyingi za king'amuzi huja kwa ubora wa HD au chini ya hapo, na kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo udhaifu wa matangazo unavyojianika. Kwa familia ambayo saa nyingi hutazama chaneli za kawaida, inchi 55 yenye kioo kizuri ni ununuzi wa busara kuliko inchi 75 ya bei ya kutupa. Habari za 8K, yaani kioo chenye nukta nyingi kuliko hizo za 4K, zinaweza kupuuzwa kabisa.

Nafasi ya kwanza: LCD yenye taa za mini-LED

Katika aina hii, taa za nyuma ni ndogo mno na ni nyingi, mara nyingi maelfu, nazo hugawanywa katika kanda ambazo kila moja inaweza kuongezwa au kupunguzwa mwanga peke yake. TCL iliitoa sokoni mwaka 2019, na mwaka 2021 Samsung na LG zikafuata. Faida yake kwetu ni mwanga mkali: pazia likiwa wazi saa nane mchana, bado unamwona mchezaji aliyesimama upande wa uwanja wenye kivuli, jambo linaloishinda LCD ya kawaida na wakati mwingine hata OLED.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kanda ni ngapi? Jina mini-LED kwenye boksi halitoshi, kwa sababu televisheni yenye kanda chache huwasha eneo kubwa la kioo ili kuonyesha kitu kidogo cheupe, na matokeo yake ni ukungu wa mwanga unaokizunguka kitu hicho. Kwa inchi 65, ningetaka kanda mia kadhaa. Zikiwa chache sana, ni afadhali ununue LED ya kawaida, yaani LCD yenye taa za kawaida za LED, na kubaki na chenji.

Kasoro yake haiishi kabisa hata kwenye matoleo mazuri. Filamu yenye giza na tafsiri za maandishi meupe chini ya kioo itaonyesha ukungu kidogo kuzunguka herufi, hasa kwa aliyekaa pembeni.

Nafasi ya pili: LED ya kawaida yenye taa nyuma ya kioo kizima

Wengi watashangaa kuikuta LED ya kawaida juu ya OLED, na sababu yangu ni matengenezo. Taa zake hupangwa kwenye mistari na kuunganishwa kwa mfululizo, hivyo taa moja ikiungua mstari wote, na mara nyingi kioo kizima, huwa giza huku sauti ikiendelea. Ukimulika kioo hicho kwa tochi ya simu ukiwa karibu, utaiona picha hafifu ikitembea kama kawaida, maana kioo chenyewe hakijafa. Fundi mzoefu hubadilisha mistari ya taa, na vipuri hivyo vinapatikana madukani kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya televisheni. Kwa inchi 65 na zaidi, sharti wawe watu wawili wa kukinyanyua kioo, kwa kuwa kikipata ufa hakuna cha kutengeneza tena.

Taa hizo huungua mapema kwa sababu ya joto, na joto huletwa na mazoea ya kuacha mwanga wa nyuma kwenye kiwango cha juu siku zote, kama televisheni ilivyotoka dukani. Ukiupunguza usiku hadi karibu nusu, picha itabaki nzuri na taa zitadumu zaidi.

Katika daraja hili, ulizia kioo cha aina ya VA, ambacho weusi wake ni wa kina zaidi, isipokuwa kama watazamaji wako hukaa wametawanyika hadi pembeni kabisa. Hapo kioo cha IPS kinafaa zaidi, kwa sababu rangi zake hazipauki ukikitazama kwa upande, ingawa weusi wake hugeuka kijivu taa za chumba zikizimwa.

Nafasi ya tatu: OLED

Kwa picha safi ndani ya chumba chenye giza, hakuna kinachoifikia. LG ilianza kuuza OLED ya inchi 55 mwaka 2013, na tangu wakati huo hiki ndicho kioo cha wapenzi wa filamu: weusi ni weusi kweli kwa sababu nukta imezima, rangi hazibadiliki hata ukikaa pembeni, na nukta hubadilika haraka kiasi kwamba mpira uliopigwa kwa nguvu hauachi mkia nyuma yake. Mwaka 2022 ikaja QD-OLED, inayotumiwa na Samsung na Sony, yenye rangi zinazong'aa zaidi, ila mwanga wa dirishani ukiipiga weusi wake huelekea kijivu chenye zambarau.

Tatizo lake la kwanza linajulikana. Nukta zake ni za mata ya kikaboni inayochakaa kwa kutumika, na panapokaa picha ileile kwa muda mrefu, kama nembo ya kituo kwenye kona, ubao wa magoli au mstari wa habari unaopita chini, huchakaa kuliko kwingine na hatimaye kuacha alama. Nyumba inayochanganya tamthilia, katuni, mpira na filamu haina sababu ya kuogopa. Mwenye mgahawa, saluni au kibanda umiza, anayeweka chaneli moja asubuhi hadi usiku, asiinunue hata akipewa punguzo.

Tatizo la pili halizungumzwi sana, nalo linatuhusu hasa sisi. Baada ya takribani saa nne za matumizi kwa jumla, OLED inapozimwa kwa rimoti hufanya kazi ya kimyakimya ya kupima nukta zake na kusawazisha zilizochakaa, kazi inayochukua dakika kadhaa na inayohitaji umeme uwepo. Sasa fikiria desturi ya nyumba zetu, ambamo televisheni huzimwa ukutani kila usiku kwa kuogopa radi au kwa kubana uniti za LUKU. Kazi hiyo hukatizwa kila siku, na kivuli cha nembo ambacho kingefutwa kikiwa chepesi huzidi kukolea. Anayetaka OLED akubali kuizima kwa rimoti na kusubiri kama robo saa kabla ya kugusa swichi ya ukutani, na watoto na dada wa kazi nao waambiwe. Kwa eneo ambalo umeme hukatika mara kwa mara usiku, fikiria inveta, au rudi nafasi ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kioo cha OLED hakina mistari ya taa ya kubadilisha. Kikifa hununuliwa kizima, na bei yake hukaribia ile ya televisheni mpya.

Nafasi ya nne: QLED yenye taa za pembeni

QLED ni LCD iliyoongezewa tabaka la chembe ndogo sana zinazosafisha rangi, chembe ambazo ugunduzi wake uliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Sayansi yake ni ya kweli kabisa. Lakini tabaka hilo halidhibiti mwanga, na likiwekwa juu ya taa zilizopangwa ukingoni ili televisheni iwe nyembamba, ni sawa na kupaka rangi nyumba yenye paa linalovuja: pembe za kioo hung'aa penye giza, na joto hurundikana ukingoni. Kama QLED hiyo ina taa nyuma nzima na kanda za kutosha, ihesabu nafasi ya kwanza. Kama haina, ilipie bei ya LED ya kawaida na si zaidi.

MicroLED, ambayo kila nukta yake ni taa ndogo ya LED inayowaka yenyewe, naitaja tu kwa sababu utaisikia. Bei yake si ya sebule.

Umeme, majaribio na usafiri

Televisheni ya LED ya inchi 65 hutumia takribani wati 100 hadi 150. Ikiwaka saa tano kwa siku kwa wati 130, hiyo ni kama uniti 20 kwa mwezi. Mini-LED kwenye mwanga wa juu hutumia zaidi, na wenye sola wahesabu mapema. Nunua pia kifaa cha kulinda umeme chenye kuchelewesha dakika chache umeme unaporudi. Anayetumiwa televisheni na ndugu kutoka Marekani asome kibandiko cha nyuma kwanza, maana matoleo mengi ya kule hupokea volti 110 hadi 120 tu na hayana kipokezi cha matangazo yetu ya dijitali.

Dukani, usihukumu kwa video ya maonyesho, kwani imetengenezwa kuficha kasoro. Beba flashi yenye picha mbili, moja ya kijivu kitupu na nyingine nyeusi yenye maandishi meupe katikati. Ile ya kijivu itafichua mabaka na michirizi ambayo kamera ikifuata mpira itaonekana kwenye majani yote ya uwanja, na ile nyeusi itaonyesha ukungu na mwanga unaovuja pembeni. Omba pia wabadilishe mpangilio wa picha, kwa kuwa ule wa dukani umekolezwa kupita kiasi.

Televisheni utakayoijaribu iwe ndiyo utakayoichukua, na si boksi lingine litakalotolewa stoo. Risiti iandikwe namba ya mashine, na dhamana isomwe hadi mwisho, kwa sababu kioo kilichopasuka kwa kawaida hakimo ndani yake. Boksi la inchi 65 haliingii kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo na halifai kulazwa juu ya bajaji. Lisafirishwe likiwa limesimama wima, limeshikwa na watu wawili, na lifunguliwe nyumbani mbele ya yule aliyelileta kabla hajalipwa nauli yake.