MikroTik hAP ax²: ruta ya nyumbani inayokuonyesha VPN imekwama wapi

Nina duka la dawa muhimu Morogoro, na nyumbani kwangu ni Tabata, Dar es Salaam. Kompyuta ya mauzo iko dukani, kamera ziko dukani, na mimi muda mwingi niko nyumbani na hesabu. Nilichokuwa nakitafuta ni hiki: nikifungua laptopu sebuleni, niifikie kompyuta ya duka moja kwa moja, bila kuiacha wazi kwa kila mtu aliye kwenye intaneti. Kwangu VPN ni hiyo, wala sizungumzii zile programu za simu za kulipia kwa mwezi ili uonekane uko Uholanzi. Ruta ninayoitathmini hapa ni MikroTik hAP ax² iliyoko nyumbani, pamoja na mwenzake wa bei nafuu, hAP ac², aliyeko dukani.

Kabla yake nilikuwa natumia modemu niliyopewa na mtoa huduma wa intaneti, ile moja inayofanya kazi ya modemu, ruta na waifai kwa pamoja. Ina ukurasa wa VPN, ndiyo. Ukiufungua unakuta PPTP na L2TP, aina mbili za zamani za VPN, unaweka jina na nywila, unabonyeza, halafu inakuambia imeshindikana. Imeshindikana wapi? Haisemi. Ukipiga simu huduma kwa wateja, dada anakujibu kwa upole kabisa, "Kaka, zima modemu, subiri kidogo, halafu washa." Hana kosa, hata yeye hana anachokiona. Na hiyo PPTP yenyewe ni ya kuachana nayo. Njia yake ya kuhakiki nywila, MS-CHAPv2, ilivunjwa hadharani mwaka 2012, na tangu 2016 simu za iPhone haziikubali tena. Kupitisha rekodi za mauzo ya dawa humo ni jambo nisiloweza kumshauri mtu.

MikroTik ni kampuni ya Latvia, ilianzishwa Riga mwaka 1996. Ukikaa na mafundi wa mtandao utalisikia sana jina hilo, maana waifai nyingi za vocha zinaendeshwa na ruta zake. hAP ax² ni kiboksi kidogo, unaweza kukisimamisha au kukilaza. Kina matundu matano ya waya, yote ya gigabiti, waifai ya kizazi cha 6, na RAM ya gigabaiti 1, ambayo kwa ruta ya nyumbani ni nyingi. Bei iliyotangazwa na kampuni ilikuwa dola 99. Hakina tundu la USB wala nafasi ya laini ya simu, kwa hiyo kama intaneti yako ni ya 4G utahitaji modemu nyingine mbele yake. Antena zimo ndani ya kiboksi. Kwa nyumba ya vyumba vitatu inatosha, lakini ukiwa na banda la uani lenye ukuta mnene panga kuongeza kituo kingine cha waifai.

Kilichonifanya niandike ni programu iliyomo ndani, RouterOS. Toleo la 7 lina WireGuard, na ndiyo VPN ninayoitumia. WireGuard ni ya kisasa. Iliingizwa ndani ya Linux yenyewe mwaka 2020. Haina jina la mtumiaji wala nywila. Kila upande una jozi ya funguo, mmoja wa siri na mmoja wa kumpa mwenzako. Unaweka ufunguo wa umma wa duka kwenye ruta ya nyumbani, wa nyumbani unauweka kwenye ruta ya duka, unasema mtandao upi uko upande upi na njia (route) ya kuufikia, basi.

Kwenye hilo la mitandao ndipo wengi wanapokwama. Ruta za MikroTik zinatoka kiwandani zikiwa na anwani 192.168.88.1. Ukiziacha zote mbili hivyo, nyumbani na dukani patakuwa na mtandao unaofanana, na laptopu ikitafuta kompyuta ya duka itaitafuta hapo hapo sebuleni. Dukani nimeweka 192.168.77.0, nyumbani nimeacha 88. Kisha kwenye kila upande, pale palipoandikwa Allowed Address, ingiza mtandao wa upande wa pili. Usipoingiza, WireGuard itaunganika vizuri tu na hakuna kitakachopita.

Jambo la kuangalia kabla hata hujanunua ni anwani yako ya IP. Intaneti ya 4G ya dukani, kama ilivyo kwa laini nyingi za simu, haikupi anwani ya umma. Wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja. Ukiona ruta yako imepewa anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, ujue uko huko. Mtu wa nje hawezi kukufikia, ila wewe unaweza kumfikia. Kwa hiyo upande mmoja lazima uwe na anwani ya umma, na kwangu ni nyumbani, kwenye intaneti ya nyuzi (faiba), ambako niliiomba. Duka ndilo linalopiga hodi nyumbani. Hapa MikroTik inanipendeza sana: ukifungua menyu ya IP, ukaingia Cloud, inakupa jina la kudumu la ruta yako hata anwani ikibadilika, na kama uko nyuma ya mtandao wa mtu mwingine inakuandikia wazi kwamba ruta iko nyuma ya NAT na kufikiwa kutoka nje huenda kusiwezekane. Ni sentensi moja, na ni ile ambayo modemu ya zamani haikuwahi kunipa.

Wenye 4G pande zote mbili wasikate tamaa. Kuanzia toleo la 7.12 kuna kitu kinaitwa Back To Home, chenye programu yake ya simu. Ruta isipokuwa na anwani ya umma, mawasiliano yanapitia seva za MikroTik yakiwa yamefungwa kwa siri kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kuangalia kamera ukiwa njiani inafaa kabisa.

Sasa niwaonyeshe ninaposema ruta inakuonyesha. Nilipomaliza kuseti, duka na nyumba havikuonana. Kwenye ruta ya duka, mstari wa WireGuard ulikuwa na namba mbili: Tx, yaani kilichotumwa, inapanda kila baada ya sekunde chache, Rx, kilichopokewa, iko sifuri. Maana yake duka linaita na hakuna anayeitika. Nikahamia ruta ya nyumbani, kwenye faiwoli, pale penye sheria ya kuruhusu UDP mlango wa 13231, ambao WireGuard inaupitia. Kila sheria ina kihesabio pembeni kinachoonyesha ni pakiti ngapi, yaani vipande vya data, zimeigusa. Kilikuwa sifuri pia. Kwa hiyo pakiti zinaondoka Morogoro na hazifiki kwenye kiboksi changu. Funguo hazihusiki, Allowed Address haihusiki. Kuna mtu katikati. Katikati palikuwa na ile modemu ya mtoa huduma, ambayo bado ilikuwa inajifanya ruta mbele ya ruta. Niliomba iwekwe kwenye hali ya daraja, yaani ipitishe tu na kuiachia MikroTik anwani ya umma. Ilipowekwa, nikiwa nimekodolea macho kihesabio, kikatoka sifuri kikaenda moja, tatu, sita, na palipoandikwa Last Handshake, yaani salamu ya mwisho kati ya ruta mbili, pakaanza kuhesabu sekunde.

Sheria hiyo ya faiwoli iwekwe juu ya ile ya mwisho inayozuia kila kisichotoka mtandao wa ndani. Ikikaa chini yake haisomwi kabisa, kwa sababu ruta inasoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye sheria ya kwanza inayohusika. Na upande ulioko nyuma ya 4G, weka Persistent Keepalive ya sekunde 25. Bila hiyo mtandao wa simu unaisahau njia pakiwa kimya, na asubuhi utakuta duka halipatikani mpaka mtu wa kule aanze yeye.

Tatizo la pili ni gumu kulitambua, na naomba mlisome polepole maana nimeona watu wakibadilisha ruta kwa ajili yake. Njia imeunganika, ping (amri ya kuita kompyuta nyingine uone kama inaitika) inajibu, lakini programu ya mauzo inafunguka nusu kisha inaganda. Vidogo vinapita, vikubwa vinakwama. WireGuard inaongeza baiti 60 juu ya kila pakiti kwenye IPv4, na MTU yake ya kawaida, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ni 1420, ikitegemea kwamba barabara nzima inabeba 1500. Mitandao ya simu mara nyingi inabeba pungufu. Kupima ni rahisi. Kwenye Windows andika ping -f -l 1392 ikifuatiwa na anwani ya kompyuta ya duka. Hiyo 1392 ukijumlisha 28 za vichwa inatoa 1420 kamili, na -f inakataza pakiti isikatwe vipande. Isipojibu, shusha namba mpaka ijibu. Kwangu ilijibu kwenye 1332, nikajumlisha 28, nikaweka MTU ya 1360 pande zote mbili. Programu ya mauzo ilifunguka pale pale na orodha yote ya dawa.

La tatu linatuhusu sana sisi tunaokatikiwa umeme. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi, ruta inaweza kuamka na tarehe ya nyuma, na WireGuard inakataa salamu yenye muda wa zamani kuliko ile iliyokwisha kuiona, ili mtu asirudie mazungumzo aliyoyadaka. Dawa ni kuwasha NTP Client, kipengele kinachochukua saa sahihi mtandaoni, na muda huo uchukuliwe kupitia intaneti ya kawaida, usipitie kwenye VPN ambayo yenyewe inausubiri. Ukiwasha ile huduma ya Cloud pia inarekebisha saa. Halafu kuna habari njema kuhusu umeme: ruta zote mbili zinakubali kuanzia volti 12 kwenye tundu la adapta, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 yenye chaja yake inaushikilia mtandao hewani bila inveta. Dukani ndivyo nilivyofunga, pamoja na modemu ya 4G.

Kutoka kwangu mpaka dukani ni karibu kilomita 200, na nabadilisha mipangilio ya kule nikiwa hapa. Kinachonipa ujasiri ni kitufe cha Safe Mode kwenye Winbox, ile programu ya kuiendesha ruta kutoka kwenye kompyuta. Ukikiwasha kisha ukabadilisha kitu kikakukatia mawasiliano, ruta inarudisha yenyewe kila ulichokigusa. Kwa kipengele hiki peke yake ningeinunua tena.

Ugumu wake upo na sitaupunguza. Menyu ni nyingi mno, majina yake ni ya mafundi, na mzee wangu wa Morogoro hawezi kukaa nayo peke yake. Quick Set inasaidia kuweka waifai na intaneti, lakini VPN ya ofisi mbili utaifanya kwa mkono. hAP ac² ina hifadhi ya megabaiti 16 tu, kwa hiyo angalia nafasi iliyobaki kabla ya kusasisha. Na kusasisha ni lazima. Mwaka 2018 kasoro ya Winbox, iliyosajiliwa kama CVE-2018-14847, ilitumiwa kuvamia ruta nyingi sana za MikroTik duniani, ingawa marekebisho yalikuwa yameshatolewa. Mlango wa 8291, ambao Winbox inautumia, usiwe wazi upande wa intaneti hata siku moja. Ingia kwa kupitia VPN yako mwenyewe.

Kwa walioko Tanzania kuna suala la sheria pia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajisajili, ikiwamo kutaja anwani ya IP, mwisho ukiwa 30 Oktoba mwaka ule. Mwenye biashara asilichukulie kuwa ni la wakubwa tu. Kuunganisha duka lako na nyumba yako ni jambo la halali na linaelezeka, basi lieleze.

Nani anunue? Mwenye matawi mawili, mhasibu anayefanya kazi nyumbani, anayetaka kamera zake bila kuzipitisha kwenye seva asizozijua, na yeyote aliye tayari kukaa jioni kadhaa akisoma. Anayetaka waifai ya kuangalia mpira tu, modemu ya mtoa huduma inamtosha.

Ukienda kuichukua Kariakoo, fungua boksi pale pale na uangalie stika. Nywila ya kwanza ya ruta za sasa imeandikwa humo, na ukiirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani inarudi hiyo hiyo. Iliyotumika ikiwa haina stika, usiilipie hadi muuzaji akuonyeshe kwamba anaweza kuingia. Piga picha ya stika, kisha muombe akuwekee adapta yake halisi, siyo ya kuokoteza.