Miezi saba na Linux Mint kwenye ThinkPad T450 ya mtumba

Laptopu hii niliinunua Kariakoo: ThinkPad T450, Core i5 ya kizazi cha 5, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Muuzaji aliapa kwamba "Windows 11 inapiga bila shida". Thubutu! Microsoft wanataka prosesa ya Intel ya kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 iliyokuwemo ilishaachwa kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Njia za kulazimisha zipo na nazijua, ila sikutaka mashine ya kunitia roho juu kila sasisho likitoka. Ndipo nikahamia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows.

Niseme mapema, maana sisi wapenzi wa Linux tuna tabia ya kuusifu mfumo kwa kazi iliyofanywa na diski: kilichoifufua laptopu hii ni SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Nilitoa diski ya zamani, nikaweka SSD ya GB 240, nikapiga Windows 10 ileile, na papo hapo ikawa nyepesi. Nafasi ya pili ya RAM ilikuwa tupu, nikaongeza GB 4. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD, mambo ya Mint utayaamua baadaye.

Mint nilichukua toleo la 22 lenye Xfce, muonekano mwepesi wa skrini na menyu. Faili ni karibu GB 3, nikalishusha kwa bando la usiku na kuliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Ukiwasha na kubonyeza F12 unachagua flashi, na mfumo unafunguka wote bila kugusa diski. Nilikaa humo jioni nzima nikijaribu Wi-Fi, spika, kamera na vitufe vya mwanga. Vyote vilikubali, ndipo nikasakinisha.

Kilichonifanya nibaki ni bando. Mimi naishi kwa hotspoti ya simu. Windows ina sehemu ya kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa kwa MB, isishushe ovyo, lakini sahau mara moja tu uone: unafungua barua pepe mbili, MB zimekwisha, na wala hujui zimeliwa na nini. Mint inaweka alama ndogo pembeni ya skrini, kisha inanyamaza. Ukiibonyeza unaona orodha ya masasisho na ukubwa wake, unatia tiki unayoyataka. Mimi ya usalama nachukua siku hiyohiyo, kernel, yaani kiini cha mfumo, inasubiri Wi-Fi ya kazini.

Hata hivyo kuna mtego. Kwenye duka la programu, programu moja huweza kuwepo kwa namna mbili, ya kawaida na ya Flatpak. Nilibonyeza GIMP, programu ya kuhariri picha, bila kutazama, ikaja na mzigo wa mamia ya MB kwa sababu Flatpak hubeba vitu vyake yenyewe. Bando la wiki likaenda hivyohivyo. Sasa naangalia kwanza imeandikwaje.

Nyaraka ni nusu kwa nusu. LibreOffice, programu ya ofisi ya huku, inafungua faili za Word, ila fonti ya Calibri haimo, inawekewa Carlito yenye upana uleule. Barua za kawaida zinatoka sawa. CV ya shemeji yangu, iliyojaa majedwali na visanduku, ilivurugika vibaya, nikairudia kwa mkono. Ya kuchapisha nageuza PDF kabla ya kwenda steshenari. Na flashi ikirudi kutoka steshenari ndipo raha yangu ilipo: zile njia za mkato za virusi zinazojifanya mafolda zinaonekana uchi kwenye Mint, nazifuta huku nacheka.

Anayetegemea Photoshop, au kijana wa gemu la Valorant, asijisumbue. Hazipo huku. Mdogo wangu alijaribu siku mbili akarudi kwenye kompyuta yake.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, na unabadilisha ya nje bila kuzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi naendelea kuandika wenzangu wakitafuta tochi. Tatizo ya nje imechoka, sasa haifiki hata saa moja. Natafuta nyingine, na kila duka nililoingia wananiambia yao ndiyo orijino.